Pawa saplai nyingi kwenye laini moja ya RS-485: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo mafundi wenzangu na vijana wa vyuo wananiuliza karibu kila wiki, tangu tufunge meza ya majaribio yenye pawa saplai nane zinazoongozwa na kompyuta moja kupitia RS-485, yaani waya mbili za data zinazopita kifaa hadi kifaa. Kazi yetu pale ni kupima vidhibiti chaji vya sola, kila pawa saplai inaigiza paneli au betri. Nimeyaacha maswali kama yalivyoulizwa. Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye swali la graundi na swali la mawasiliano kukatika, hayo mawili ndiyo yanaunguza vitu, mengine yote ni usumbufu tu.

Kwa nini nisiunganishe kila pawa saplai kwa USB yake, si rahisi zaidi?

Zikiwa mbili tatu na ziko jirani, sawa, fanya hivyo. Zikifika nane unaanza kuteseka. Kebo ya USB haitakiwi kuzidi kama mita 5, unahitaji habu yenye umeme wake, na majina ya poti yanahamahama, leo ttyUSB0 ni pawa saplai ya kwanza, kesho umewasha kompyuta upya ttyUSB0 ni ya tano, na programu yako inapeleka volti 48 kwenye kifaa cha volti 5. Hilo silisemi kwa nadharia. RS-485 kila kifaa kina namba yake yenyewe na namba haibadiliki hata ukihamisha meza.

Ninayo RS-232 nyuma ya pawa saplai, naweza kuzipanga tatu kwenye poti moja?

Hapana. RS-232 ni mazungumzo ya wawili tu. Ila angalia vizuri nyuma, zipo pawa saplai zinazokubali kompyuta iongee na ya kwanza kwa RS-232 halafu ya kwanza inazipasia nyingine kwa RS-485, TDK-Lambda Genesys ziko hivyo, zina tundu la kuingia na la kutoka na unaweza kupanga mpaka 31 kwenye mnyororo mmoja.

RS-485 yenyewe ni nini hasa, ni lugha?

Sio lugha, ni njia. Yaani inasema umeme upite vipi kwenye waya, haisemi maneno gani yapite. Waya mbili, A na B, na anayesikiliza anaangalia tofauti kati yao, haangalii kila moja na graundi. Ikizidi milivolti 200 upande huu ni moja, ikizidi upande ule ni sifuri. Ndiyo maana kelele ikiingia inaingia kwenye waya zote mbili sawasawa na tofauti inabaki ileile, mradi umetumia waya uliosokotwa. Kwa spidi ndogo unafika hata mita 1200. Kiwango kinaruhusu vifaa 32 vya mzigo kamili, na chipu nyingi za siku hizi zina mzigo wa robo au moja ya nane kwa hiyo zinaweza kuwa nyingi zaidi.

Lugha ni jambo lingine, na pawa saplai mbili zote zimeandikwa RS-485 zinaweza zisielewane kabisa.

Basi lugha ni zipi?

Utakutana na familia mbili. Ya kwanza ni ya maneno, unatuma herufi za kawaida na unajibiwa herufi. Kwenye Genesys unaandika `ADR 06` inajibu `OK`, kuanzia hapo namba 6 ndiyo inayokusikiliza, `PV 12.5` inaweka volti, `PC 2` inaweka kikomo cha mkondo, `OUT 1` inawasha, `MV?` inauliza volti halisi. Kila mstari unaufunga kwa baiti ya CR, ile ya kitufe cha Enter. Mi naipenda hii kwa sababu unaweza kuijaribu kwa mkono kwenye dirisha la seriali bila kuandika programu yoyote na ukikosea inakwambia, mfano `C01` maana yake hiyo amri siijui.

Ya pili ni Modbus RTU, ilitoka Modicon mwaka 1979 na bado iko kila mahali. Hii ni ya baiti, sio herufi. Anwani 1 mpaka 247, 0 ni ya kuwatangazia wote. Kila kitu ndani ya kifaa ni rejista yenye namba: unasoma kwa amri 03, unaandika rejista moja kwa 06, nyingi kwa 16. Kwenye DPS5005, zile moduli ndogo za volti 50 ampea 5, rejista 0 ni volti unazotaka, 1 ni ampea unazotaka, 2 na 3 ni volti na ampea zinazotoka kweli, 9 ni kuwasha na kuzima. Volti zinaandikwa kwa mia, yaani 12.00 unatuma 1200. Ampea kwa elfu. Wengi wanasahau hapa, wanatuma 12 wanapata volti 0.12 halafu wanasema moduli mbovu.

Nipe mfano mmoja wa Modbus niuone kwa macho.

`01 03 00 00 00 02 C4 0B`

01 ni anwani, 03 soma, 00 00 anzia rejista ya sifuri, 00 02 nataka mbili, na C4 0B ni CRC, ile hesabu ya kuhakikisha hakuna baiti iliyoharibika njiani. Inatumwa baiti ya chini kwanza. Kifaa kinajibu baiti 9: anwani, amri, idadi, data nne na CRC yake. Ukiweza kutuma hizi nane kwa mkono na ukapata tisa zinarudi, umemaliza nusu ya kazi.

Natumia Python, naanzia wapi?

Kwa lugha ya maneno pyserial inatosha. Kwa Modbus tumia minimalmodbus, ukiandika `p = minimalmodbus.Instrument('/dev/ttyUSB0', 3)` unaongea na namba 3, kisha `p.write_register(0, 12.0, 2)` inaweka volti 12 na ile 2 ya mwisho inamaanisha desimali mbili, haihitaji uzidishe mwenyewe. Weka baudi, yaani spidi ya biti kwa sekunde, kwa `p.serial.baudrate = 9600`. Kwenye Linux ukikataliwa ruhusa ya poti jiingize kwenye kundi la dialout halafu toka uingie tena.

Nimeunganisha, laini iko kimya kabisa, hakuna jibu.

Badilisha A na B kwanza. Kweli, anza na hilo. Watengenezaji hawakubaliani nani aitwe A na nani aitwe B, kiwango kinasema hivi na chipu nyingi zimeandikwa kinyume, wengine wanaandika D+ na D-, ukigeuza hakuna kitu kinaungua. Ikigoma bado hakikisha baudi na pariti (biti ya kukagua makosa) zinafanana pande zote, hakikisha anwani, halafu acha kifaa kimoja tu kwenye laini. Kimoja kikiongea peke yake na kikinyamaza ukiongeza wengine basi shida ni anwani zinazogongana au resista, soma mbele.

Zote zimetoka kiwandani na anwani 1, nifanyeje?

Moja moja. Chomeka ya kwanza peke yake, mpe namba, mbandikie karatasi mbele yenye namba hiyo, chomoa, chomeka inayofuata. Genesys unabonyeza kitufe cha REM sekunde tatu unazungusha kitasa cha volti, nyingine ni menyu, nyingine ni kuandika rejista. Usijaribu kuzipa namba zikiwa zote kwenye laini, zitajibu kwa pamoja na utapata takataka. Na usitumie 1 kabisa kwenye meza yako, anzia 2, ili siku ukileta kifaa kipya kutoka boksi kisimgonge mtu.

Resista ya 120 omu iwekwe kila kifaa?

Hapana hapana. Mbili tu, moja kila mwisho wa laini, kazi yake ni kuzuia ishara isidunde mwisho wa waya na kurudi. Hapa ndipo wengi wanaumia na zile bodi ndogo za MAX485 za bei rahisi, za kugeuza TX na RX kuwa RS-485, kwa sababu kila bodi ina resista ya 120 imelehemiwa tayari, kawaida imeandikwa R7. Ukipanga bodi nane una resista nane sambamba, 120 gawanya kwa 8 ni 15 omu, na chipu imeahidiwa kusukuma mzigo wa 54 hivi. Inaongea kwa tabu, leo inakubali kesho inakataa, ukigusa waya inakubali tena, na mtu anaanza kulaumu programu. Zima kila kitu, weka mita ya omu kati ya A na B: ukisoma karibu 60 uko sawa, ukisoma 120 umeweka mwisho mmoja tu, ukisoma 15 shika pasi ya risasi uzing'oe za katikati.

Kwa laini ya mita mbili ndani ya meza kwa baudi 9600, mara nyingi itaenda hata bila resista. Ila ukizoea vibaya utaenda hivyohivyo kwenye laini ya mita mia.

Kuna baiti za ajabu zinatokea wakati hakuna anayeongea.

Laini inaelea. Pale ambapo hakuna anayetuma, hizo resista mbili za mwisho zinavuta A na B ziwe sawa, tofauti inakuwa sifuri na msikilizaji hajui asome nini. Weka resista ya 560 kutoka waya chanya kwenda volti 5 na nyingine ya 560 kutoka waya hasi kwenda graundi, sehemu moja tu ya laini. Piga hesabu: 5 mara 60 gawanya kwa 1180 ni kama volti 0.25, umeshavuka ile milivolti 200. Adapta nyingine nzuri za USB kwenda RS-485 tayari zinazo ndani.

Waya ni mbili, graundi ya nini tena? Si umesema wanaangalia tofauti?

Hili ndilo swali naomba ulisome mara mbili.

Ni kweli wanaangalia tofauti, lakini chipu ina mipaka, waya zote mbili zinatakiwa kuwa kati ya volti -7 na +12 ukilinganisha na graundi ya chipu yenyewe. Graundi za vifaa viwili zikiachana zaidi ya hapo chipu inapasuka. Kwa hiyo waya wa tatu unahitajika kuziweka karibu.

Sasa tatizo letu sisi wa pawa saplai ni kwamba waya huohuo unaoleta usalama ndio unaoleta moto. Kwenye moduli nyingi za bei nafuu graundi ya mawasiliano ni kitu kimoja na hasi ya upande wa kutoa umeme. Hakuna kizuizi katikati. Chukua moduli mbili, kila moja na chanzo chake, zipange kwa mfululizo upate volti 48 kutoka 24 na 24. Hasi ya moduli ya juu imekaa kwenye chanya ya moduli ya chini, ndivyo mfululizo ulivyo. Kisha unachomeka waya wa mawasiliano na graundi yake kwenye zote mbili. Umeunganisha hasi ya juu na hasi ya chini, yaani umeshoti moduli ya chini kupitia kawaya kembamba ka data. Mi niliunguza moduli mbili na adapta ya USB kwa namna hiyohiyo na kompyuta ilizima, bahati ilirudi.

Hata kwa sambamba kuna mtego. Hasi zote ziko pamoja, unaona uko salama, halafu siku moja skrubu ya waya mnene wa hasi inalegea na ampea zote za mzigo zinatafuta njia ya kurudi, njia iliyobaki ni graundi ya mawasiliano. Weka resista ya 100 omu kwenye waya wa graundi kila kifaa, inatosha kwa mawasiliano na inazuia mkondo mkubwa.

Kabla hujaunganisha chochote chukua mita, zima kifaa, pima kati ya graundi ya mawasiliano na hasi ya kutoa. Ikilia, haijatengwa. Kila isiyotengwa iwekee transiva (chipu ya kutuma na kupokea) yenye kizuizi ndani, kama ADM2483, na kamoduli ka umeme kaliotengwa kama B0505S kulisha upande wa laini. Sio ghali ukilinganisha na kompyuta.

Moduli yangu haina RS-485, ina TX (ya kutuma) na RX (ya kupokea) tu. Naweza kuunganisha TX zote pamoja?

Usiunganishe moja kwa moja. TX ya kawaida ikiwa imepumzika inashikilia waya juu kwa nguvu, mwenzake akitaka kuushusha wanapigana na hakuna ujumbe unaopita. Kwa umbali mfupi sana, ndani ya boksi moja, unaweza kuweka diodi ya Schottky kwa kila moduli, mstari wa diodi uangalie TX ya moduli, upande wa pili zote zikutane kwenye RX ya kompyuta na resista ya kilo-omu 4.7 inayovuta juu. Inafanya kazi 9600. Lakini graundi bado zimeungana, yale ya juu yote yanabaki. Mi naona bora bodi ya RS-485 kwa kila moduli.

Natumia Arduino na MAX485, naona natuma vizuri ila jibu linakuja limekatwa mwanzo.

Unachelewa kuachia laini. Pini za DE na RE, zile zinazochagua kutuma au kupokea, ukishamaliza kutuma lazima uzishushe mara moja, kifaa kinaweza kujibu baada ya milisekunde chache tu. Likikatika la kwako mwisho ni kinyume chake, umeshusha mapema, weka `Serial.flush()` kabla ya kushusha ili baiti ya mwisho itoke yote.

Na kama unasoma baiti ulizotuma mwenyewe kabla ya jibu, adapta yako inajisikia sauti yake. Zitupe, au kwenye minimalmodbus washa `handle_local_echo`.

Kusoma zote nane kunachukua muda gani?

Kwa 9600 kila baiti ni biti 10, kwa hiyo baiti 960 kwa sekunde. Swali la baiti 8 na jibu la 9 ni kama milisekunde 18, ongeza ukimya wa herufi tatu na nusu ambao Modbus inadai kati ya ujumbe na ujumbe, karibu milisekunde 4, ongeza kifaa kufikiri. Weka 40 kwa kila kimoja, nane ni theluthi ya sekunde. Kwa kupima betri hiyo ni haraka mno.

Kinachokula muda kweli ni kifaa kilichozimwa. Ukisubiri nusu sekunde na kurudia mara tatu, kimoja kilichokufa kinakuchelewesha sekunde moja na nusu kila mzunguko na wale saba wazima wanasubiri. Kikishindwa mara tatu kiweke pembeni, kijaribu tena kila baada ya dakika. Kama adapta yako ni ya FTDI kwenye Linux, shusha pia `latency_timer`, muda ambao adapta inangoja kabla ya kupeleka data, kutoka milisekunde 16 hadi 1.

Nataka ziwake zote kwa wakati mmoja.

Weka volti na kikomo cha mkondo kwa kila moja kwanza zikiwa zimezimwa, soma tena uhakikishe zimekubali, kisha tangaza amri ya kuwasha kwa wote, anwani 0 kwenye Modbus au `GOUT 1` kwenye Genesys. Tangazo halijibiwi na mtu, kwa hiyo acha nafasi kidogo halafu zunguka ukiuliza mmoja mmoja kama kweli amewaka. Sio kila moduli inaelewa tangazo, jaribu bila mzigo. Ukitaka usawa wa milisekunde moja usitegemee laini ya data, tumia pini ya kuwasha na kuzima nyuma ya kifaa.

Programu ikikwama au kebo ikichomoka, pawa saplai zinajizima?

Hapana! Watu wengi wanadhani zinajizima. Pawa saplai inashika amri ya mwisho na kuendelea nayo, masaa, siku, mpaka mtu aje. Umeiambia ichaji betri kwa ampea 10, skripti ikafa saa nane usiku, inaendelea kumwaga ampea 10.

Nyingine zina kipima muda cha ndani, wasiposikia kitu kwa sekunde kadhaa wanazima, kama unayo iwashe. Kama huna weka relei kwenye umeme wa kuingia inayoshikiliwa na kikompyuta kidogo cha Arduino, na programu yako inakipigia kila sekunde kuonyesha iko hai, kikikosa sekunde tano kinaachia relei. Na kitufe chekundu cha dharura kikate umeme chenyewe kwa waya, kisipite kwenye programu wala kwenye laini ya data, nakuomba sana kwenye hili.

Angalia pia umeme wa gridi ukikatika na kurudi. Kifaa kinaamka vipi? Genesys ina hali mbili, moja inaamka imezimwa na nyingine inarudi ilivyokuwa, ikiwaka kama ilikuwa imewaka. Chagua ya kuamka imezimwa, halafu programu yako ndiyo iamue.

Kikomo cha volti cha ulinzi kiweke kwa mkono pale mbele, kidogo tu juu ya kile unachohitaji, ili hata programu ikikosea namba kuna ukuta.

Naweza kufungua poti kwa programu mbili, moja inaandika na nyingine inachora grafu?

Usifanye. Baiti za jibu zitagawanywa, nusu huku nusu kule. Programu moja tu imiliki poti, nyingine ziulize hiyo. Ndani ya programu moja yenye nyuzi nyingi weka kufuli, swali na jibu lake vipite kwa pamoja, na kabla ya kila swali safisha bafa ya kupokea.

Ni sawa kuandika volti upya kila sekunde ili kuwa na uhakika?

Soma badala ya kuandika. Moduli nyingine zinahifadhi kila thamani kwenye kumbukumbu ya ndani, na kumbukumbu za aina hiyo kwa kawaida zinahesabiwa kuandikwa kama mara 100,000. Kila sekunde moja, hizo zinaisha baada ya saa 28 hivi. Andika pale tu thamani inapobadilika.

Laini inatoka jengo moja kwenda lingine, kuna radi huku kwetu.

Tenga pande zote mbili, weka diodi za ulinzi za SM712 karibu na kila mlango wa kuingilia, hizo zimetengenezwa kwa mipaka ileile ya -7 na +12. Ngao ya kebo iunganishe ethi upande mmoja. Kwa umbali huo, kama unaweza kupata kebo ya faiba au mtandao wa LAN kati ya majengo, chukua huo, halafu RS-485 ibaki ndani ya kila chumba. Radi ikipiga karibu SM712 inakufa, nunua za akiba.

Waya gani ninunue?

Kebo ya mtandao ya Cat5 inatosha. Jozi moja kwa A na B, waya mmoja wa jozi nyingine kwa graundi, usichukue A kutoka jozi hii na B kutoka ile. Pitisha laini kutoka kifaa hadi kifaa, usitoe matawi marefu kama nyota, tawi la sentimita 20 au 30 halina shida. Na usiifunge pamoja na zile kebo nene za kutoa umeme, hasa kama mzigo unawaka na kuzima kwa haraka.